Waliomeza na Wasiomeza

Mke wangu anasema nikiandika habari hii niiandike yote, pamoja na sehemu yangu. Basi naanza na yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiweka alama. Dresa, mhudumu wa dispensari yetu, alitoa tembe, watu wakazipokea, mimi nikaandika, na kwa sababu ya niliyoandika tembe ziliisha kabla ya siku ambayo mke wangu alizihitaji kuliko mtu mwingine yeyote pale laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nimejaribu kutafuta mtu wa kulaumiwa kuliko mimi. Nimepata wawili watatu wa kusaidiana nami, lakini hakuna anayeweza kubeba mzigo wote.

Niliishia darasa la sita. Hiyo inatosha kusoma maandishi ya mkebe wa dawa, haitoshi kujua yana maana gani. Tulitoka kwetu magharibi miaka michache baada ya Uhuru, tukaandikwa kazi katika shamba moja la chai upande wa Kericho. Mke wangu alichuna majani. Mimi pia nilichuna mwaka mzima, halafu wakati wa kupogoa panga likanikata mkono, na nilipokuwa nafungwa bandeji dresa akaniona nasoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Akaniuliza kama najua kuandika. Nikamwambia kidogo. Akasema yeye mwenyewe anajua kidogo kuliko hiyo, kwa hivyo nitamfaa.

Dispensari ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye dirisha na kibao cha kuwekea vikombe. Wagonjwa walisimama nje kwa foleni, dresa akiwa ndani, na mimi nyuma yake na daftari. Huyo dresa alikuwa Mkipsigis wa upande wa Ndanai, mtu mzima ambaye alijifunza kazi jeshini wakati wa vita, huko ng'ambo. Hakuwahi kubeba hata pamba ya dispensari kuipeleka nyumbani kwake. Naandika hili mapema kwa sababu baadaye nitaeleza alipokosea, na sitaki mtu afikiri alikuwa mtu wa ovyo.

Jioni niliandika daftari langu mwenyewe, la nyumbani. Nimeyatoa madaftari yale tena, panya wamekula kona, lakini mengi yanasomeka.

Mafua yaliingia mwezi wa saba, wakati wa baridi. Tulikuwa tumezoea mafua ya Kericho, mtu anapiga chafya huku anachuna. Haya yalikuwa mengine. Yalipita nyumba kwa nyumba kama karani wa kuhesabu watu. Kichwa, mgongo, macho mekundu, kifua kama kimefungwa kamba, na homa ya kumlaza mtu mzima akijifunika blanketi mbili na gunia. Majani yalikomaa bila mtu wa kuyachuna, na nyapara akawa anazunguka laini akigonga milango kwa fimbo. Daftari linasema: «Jumatatu. Watu ni wengi kuliko juzi. Aspirini imeisha. Dresa amenyamaza tangu asubuhi.»

Kesho yake alitoa mkebe wa tembe za malaria, akauweka mezani kati yetu.

«Karani, homa ni kitu gani?»

«Ni mwili kuwa moto, mzee.»

«Na hii tembe inafanya nini kwa mtu wa malaria?»

«Inashusha ule moto.»

«Sasa, hii tembe inajua moto ilitoka wapi? Moto ni moto.»

Aliniambia kwamba jeshini aliona dawa iliyoletwa kwa ugonjwa mmoja ikasaidia kwa mwingine, na hata daktari mzungu hakujua sababu. Naamini aliona kweli. Tena hakuwa na kitu kingine. Watu walikuwa wamesimama dirishani wakimwangalia, na mkebe ulikuwa umejaa, kwa sababu kule juu kwenye baridi malaria ilikuwa haba.

Alichagua watu sita waliokuwa na homa kali, na mke wangu akiwa mmoja wao. Tembe mbili kwa siku, siku tatu, kumezwa papo hapo dirishani. Mimi niliweka mstari kila mtu alipomeza, na msalaba aliporudi kazini. Kufikia siku ya tano wote sita walikuwa shambani na vikapu mgongoni. Dresa alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

«Karani! Sita kwa sita!»

Nilifurahi naye. Nani asingefurahi? Lakini jioni ile niliandika jambo ambalo nikilisoma sasa naona aibu: «Jirani wa nyumba ya tatu hakupewa tembe, naye amerudi kazini jana. Labda yake yalikuwa madogo.» Niliona, nikaandika, halafu nikalipita. Nilijiambia kwamba mtu wa darasa la sita hawezi kuona kitu ambacho mtu wa vita hajakiona.

Habari ilienea kwamba dawa ya mafua imepatikana. Foleni ikafika hadi kwenye tangi la maji. Dresa alikuwa na desturi yake ya kusalimia foleni nzima, «Chamgei!», na hata sisi tusiojua Kikipsigis tulikuwa tunaitikia. Kisha kazi ikaanza. Mtu anapokea tembe na maji, anameza, anafungua mdomo, anainua ulimi, anaondoka.

«Fungua. Ulimi juu.»

«Dresa, unatafuta meno yangu? Yalibaki mawili tu.»

«Natafuta dawa yangu, mama.»

«Dawa yako imeshuka. Ukiitaka tena uje na kisu.»

Foleni ilicheka, naye mama akaondoka akikohoa ndani ya kitambaa. Walikohoa wote kwa vitambaa, hasa akina mama wa kwetu magharibi. Niliwaona kuwa watu wenye adabu. Kukohoa hakukunishangaza, kwa sababu ni nini kingine angefanya mtu wa mafua?

Kuna jambo lingine. Tembe zile zilikuwa na tabia ya kuwasha mwili. Kwetu tulizijua hivyo tangu utotoni, ukimeza jioni unajikuna mpaka asubuhi. Dresa aliwaambia watu wasiogope, wakijikuna ni dawa inatembea. Nami, kwa kupenda kuandika, nilianza kuandika wanaojikuna. «Leo wanaojikuna ni wanne. Wengine hawajikuni. Mke wangu pia hakujikuna hata kidogo. Ngozi si moja.» Ni kweli kwamba kuna watu hawawashwi. Lakini wachache namna ile kati ya wengi namna ile, hapo ningesimama kidogo. Sikusimama.

Dresa alitaka daktari ajue. Daktari wa mashamba alikuja na Landrova mara moja kwa mwezi, na dresa alitaka ampe barua yenye orodha yangu ili wakubwa wasome. Niliiandika mara tatu ili mwandiko ukae sawa. Nilipofika pale pa kusema tumepata dawa ya mafua haya, nikamwuliza kama tuseme «labda».

Alifikiri. «Weka labda kama unataka,» akasema. «Lakini uiandike ndogo.»

Nikaiandika ndogo. Barua ikawekwa chini ya chupa ya spiriti kumngoja daktari.

Wakati huo huo dada ya mke wangu, aliyeolewa Soin, alijifungua, na mke wangu akaomba ruhusa kwenda kumsaidia. Soin ni kule chini kwenye joto. Kutoka kwetu unaanza safari na koti, ukifika unalibeba mkononi. Kuna mtama mzuri na kuna mbu. Alikaa siku kumi, akarudi na mtama nusu gunia na habari za mtoto, mtoto mzuri, ana masikio ya baba yake. Siku tatu nne alichuna kama kawaida. Siku ya tano akarudi saa nne za asubuhi kikapu kikiwa hakijafika hata nusu, akalala bila kuvua viatu.

Siku mbili tulisema ni mafua yamemrudia. Siku ya tatu dresa alikuja nyumbani mwenyewe kabla ya kufungua dirisha, akakaa kwenye kigoda na kumshika mkono.

«Ni mafua imerudi,» akasema.

Mimi sikuwa na mazoea ya kumpinga. Nilimwambia nikiangalia chini. «Mzee, hapigi chafya. Hakohoi. Anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, halafu anatoka jasho, anakuwa mzima kidogo, halafu anaanza tena. Na ametoka Soin.»

Aliuacha mkono wa mke wangu taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Wote wawili tulijua mkebe ulikuwa na nini. Tembe mbili za mwisho zilitoka Alhamisi, kwa mwanaume ambaye kikohozi chake kilikuwa kinaisha, naye alizitaka kwa sababu wenzake wote walipewa. Niliweka mstari mimi mwenyewe.

Landrova ilikuwa imechelewa. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga siku mbili, lori la majani lilikuwa limezama matopeni kwenye kona ya kuingia shambani, na hospitali ya mjini kwa miguu ni mwendo wa kutwa. Dresa alisema atatafuta wanaume wanne na machela. Lakini alimtazama mke wangu, kisha akatazama mlango ambao mvua ilikuwa inapiga, na nikaelewa kwamba anapima kama atafika.

Hapo mke wangu akafungua macho, akaniita kama anavyoniita tukiwa na jambo la nyumbani.

«Baba. Nenda kwa akina mama.»

«Kufanya nini?»

«Uwaombe tembe.»

Nilifikiri homa imempanda kichwani. «Tembe gani? Walimeza zote. Nilikuwepo.»

«Nani alikuambia walimeza?»

«Niliona. Hata wewe ulimeza. Nimekuandika.»

«Nilikohoa,» akasema.

Ilinichukua muda. Mdomo wazi, ulimi juu, tembe imekaa nyuma ya shavu na uchungu wake wote, halafu hatua mbili kutoka dirishani, kikohozi, kitambaa. Nilimwuliza zake zilikwenda wapi. Alisema Soin. Dada yake alikuwa na mtoto mchanga na mbu wamejaa nyumba, yeye angewezaje kwenda mikono mitupu? Alifunga macho tena. Dresa alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, amesikia kila neno.

Nilitoka kwenye mvua. Wachunaji hawakuwa wameenda kazini kwa sababu ya mawe, kwa hivyo niliwakuta majumbani. Nilianza kwa mama mmoja mzee kidogo ambaye sote wa kwetu tulimwita shangazi. Alikuwa anapepeta wimbi. Nilimweleza hali ya mgonjwa, nikamwomba kama ana tembe zozote za malaria.

Hakuacha kupepeta. «Ni wewe unaomba ama ni kile kitabu chako?»

«Ni mimi, shangazi.»

«Kwa maana kitabu kinasema nilimeza.»

«Kinasema hivyo.»

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na kopo la chumvi. Ndani yake, juu ya chumvi, kulikuwa na fundo la kitambaa. «Hizi ni za Desemba,» akasema. «Nikienda likizo, wajukuu wangu wako kule bondeni karibu na ziwa. Mafua itanilaza siku tatu niamke. Malaria imenizikia wawili. Dresa wako ananipa dawa ya malaria nimeze kwa sababu ya kamasi! Wewe mtoto wa kwetu kweli, hukuliona hilo?»

Sikuliona. Ningepaswa kuliona kabla ya mtu mwingine yeyote, maana hata mama yangu aliweka tembe moja ndani ya kibuyu cha mbegu miaka miwili, akingoja siku mbaya. Kwetu hakuna mtu anayechezea tembe hizo. Dresa alikuwa mtu wa nchi ya baridi, kwake mkebe ule ulikuwa dawa iliyokaa bila kazi. Kwa wale akina mama ilikuwa mali ya kupeleka nyumbani.

Alinipa zake zote sita. Nyumba ya pili nikapata mbili. Nyumba ya tatu mama wa pale alinitania kwanza: «Bwana karani, leo tukufungue wewe mdomo?» Wenzake wakacheka, kisha akanipa mbili, moja ikiwa imegeuka rangi na kushika nyuzi. Sikuwa nimemaliza kushukuru walipokuwa tayari wananisukuma nje, haraka, haraka, unasimama hapa kama mgeni.

Nilizitia kwenye kiganja cha dresa. Alizipindua kwa kidole, akatoa zile nyuzi. Hakuuliza zimetoka wapi. Alihesabu nne, akamwinua mke wangu begani, na safari hii hakumwambia afungue mdomo.

Siku ile jioni mke wangu alianza kujikuna. Alijikuna mikono, nyayo, kichwa, akaomba gunzi la mahindi, akajikuna nalo mgongo na kunitukana kwa sababu sikuwa nafika mahali panapowasha. Sijawahi kufurahia matusi kama yale. Siku ya tatu homa ilimwachilia. Akaomba uji, akasema hauna sukari.

Ikabaki barua chini ya chupa ya spiriti.

Nilimwona dresa anaiangalia asubuhi nzima. Wagonjwa walipoisha alifunga dirisha, akaniuliza bila kugeuka:

«Ni wangapi?»

«Sijui, mzee.»

«Wewe ndiye mwenye kitabu.»

«Kitabu kinasema wote.»

Alikaa. «Kwa hivyo wale walipona, walipona na nini?»

«Wengine walimeza kweli, mzee. Wale waliojikuna. Nao walipona. Na wasiomeza walipona. Labda...»

«Usiniletee labda.» Kisha akasema kwa sauti nyingine, «Sawa. Lete. Labda nini?»

«Labda wangepona tu. Labda waliomeza walipona upesi kidogo. Siwezi kujua, kwa sababu sijui nani alimeza.»

Nilingoja aniulize majina ya wale akina mama. Angetaka, angeyapeleka kwa nyapara, na wangefukuzwa kazi wiki ile ile. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimesahau, na najua ningesema vibaya, mimi si mwongo mzuri. Hakuuliza. Alisema tu, «Mimi ningekuwa na wajukuu kule chini, hata mimi ningekohoa.» Akaitoa barua chini ya chupa, akaisoma yote akifuata kwa kidole, akanipa niandike nyingine.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Tulisema tuliwapa watu tembe za malaria kwa ajili ya mafua, kwamba wengi walipona, kwamba wengine hawakumeza nao walipona, na kwamba tembe ziliisha tukapata mgonjwa aliyetoka Soin tukiwa hatuna. Dresa aliweka kidole gumba mahali pa sahihi, kama mtu asiyejua lolote, ingawa alijua kutia sahihi.

Daktari alipofika aliisoma akiwa amesimama karibu na Landrova. Nilitegemea atukemee. Alisema hata wakubwa wake wanabahatisha, ugonjwa ukiwa mpya watu wanafungua kabati na kujaribu kilichomo, na wengi hawaandiki kitu chochote. Alituachia mkebe mpya, akasema uwe wa watu wa malaria tu. Kwa mafua tuwape mapumziko, maji moto na uji, na mtu akianza kupumua kwa shida aletwe hospitali bila kungoja. Tulifanya hivyo, na watu walituita wachoyo. Dresa alibeba jina hilo kimya kimya mpaka mafua yalipoisha, yakaisha yenyewe kama yalivyokuja.

Daktari alimtoboa mke wangu kidole pia, akapeleka damu mjini. Jibu lilirudi kwamba hakuna kitu kilichoonekana. Lakini alikuwa amekwisha kunywa dawa, kwa hivyo hata hilo halisemi lolote. Nikisema alikuwa na malaria nasema ninavyoamini. Nilivyoona ni kwamba alitetemeka, akameza, akapona, na kwa hayo matatu nilikuwa nimekwisha kudanganyika mara moja.

Nilimsomea jibu lile nyumbani. Alikuwa anachagua mawe kwenye mtama wa Soin.

«Sasa nilikuwa naumwa nini?»

«Sijui.»

«Na ile mara ya kwanza, yale mafua, kitabu chako kilisema nilipona kwa dawa.»

«Kilisema.»

Alitupa jiwe dogo nje kupitia mlangoni. «Tulikuwa tunakula pamoja kila jioni. Unaandika hapo, mimi nimekaa hapa. Ungeniuliza tu.»

Nilifikiria hilo. Nilikuwa nimeuliza watu wote foleni nzima, umeamkaje, homa imeshuka, unajikuna. Yeye sikumwuliza, nilimwandika.

«Ningekuuliza,» nikasema, «ungeniambia ukweli?»

Mikono yake ilisimama juu ya mtama. Naye, nimtendee haki, alilichukua swali vizuri, hakuharakisha.

«Dada akiwa bado hajajifungua?» akasema. «Hapana. Nisingekuambia.»

Akaendelea kuchagua mawe, nami nikasogeza kigoda nikamsaidia.